Nilikoipeleka Nyumba ya Mama Ngoie

Wanangu, wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha tangazo la ndoa alilolitengeneza kwa kidole gumba, akiwa kwenye foleni ya maji na ndoo miguuni. Alibonyeza mara mbili tu, na nyuma ya bibi harusi pakatokea mawimbi ya dhahabu na nyota. Kisha akaniuliza, "Mama Zaina, weye na bale benu ba zamani, mulikuwa munafanya nini siku muzima?" Sikumjibu pale pale, kwa kuwa yeye ana adabu kidogo na mimi nina hasira nyingi. Jibu lake ni hili, nalo ni refu.

Nilifanya kazi ya fondi. Fondi ni kile kinachokaa nyuma ya mtu kwenye picha. Kwa miaka mingi, mtu wa Kolwezi, mji wetu huu wa migodi ya Kongo, aliyeoa, aliyebatiza mtoto, aliyegombea kiti, aliyefungua kanisa au aliyekufa, mara nyingi mimi ndiye niliyemwekea kitu mgongoni. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mkifika mwisho mtaona kwamba sina sana la kujisifia.

Nilizaliwa kwa watu wa malori. Baba yangu na ndugu zake walitoka upande wa mashariki ya nchi wakiwa na kofia zao na misahafu yao, wakabeba mahindi na mkaa kati ya Mutshatsha na Sandoa mpaka magari yakapinda migongo. Nilipomwambia baba kwamba nimepata kazi kwa mpiga picha, aliniuliza, "Utakuwa unabeba nini?" Nikamwambia sibebi kitu, nitakuwa naweka rangi nyuma ya watu. Akamwambia mama aniongezee chakula.

Mpiga picha huyo alikuwa Tata Kalala, yaani Baba Kalala, mtu mnene, mpole, aliyeanza maisha kwa kuchora mabango ya baa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Ukutani palikuwa na bomba la chuma, na juu ya bomba alikuwa ametundika vitambaa vinane alivyovichora kwa mkono: ngazi ya ndege, nyumba ya ghorofa yenye gari jekundu mlangoni, maporomoko ya maji, bahari, na kadhalika. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Aliichora ya bluu kali mno, hata watoto wadogo walikataa kusimama mbele yake bila kushikwa mkono. Siku aliyoimaliza ilibaki nusu ndoo ya ile bluu, akampa mume wa Mama Ngoie, ambaye alikuwa anamalizia nyumba yake mtaa wa Kamabwe, na yule bwana akapaka mlango. Mlango huo mkae nao akilini.

Wapiga picha wengine, mchoro ukiwachosha, waliupaka chokaa wakachora mwingine juu yake. Tata Kalala alitundika kitambaa kipya mbele ya cha zamani, basi.

"Usifutake kitu, Zaina," aliniambia. "Funika tu. Siku moja mutu atakuya kuuliza ile ya zamani."

Niliona ni maneno ya mzee asiyependa kutupa vitu. Nyumbani kwake alikuwa na viatu vya mguu wa kushoto tu, jozi tatu.

Kisha ikaja kompyuta. Programu ya picha ilikuwa ya Kifaransa, na ndani yake picha inajengwa kwa matabaka yanayolala moja juu ya jingine. Sisi tuliyaita kalke. Kila kalke ina kijicho kidogo pembeni. Ukikibonyeza, kalke inajificha. Ukikibonyeza tena, inarudi. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma Tata Kalala, mzee wa brashi, mbele ya mashine. Alivaa miwani, akabonyeza kijicho mara kumi hivi, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Shi hii njo kazi yangu!" akasema, yaani si ndiyo hii kazi yake. "Mi nilikuwa naifanya na misumari!"

Sasa sikilizeni fondi inavyopikwa, maana hivyo vidole gumba vyenu vinakula tu, jikoni havijawahi kuingia. Unafungua ukurasa mtupu. Unachagua nyeusi na nyeupe. Unaenda kwenye filta iitwayo *Nuages*, mashine inakumwagia mawingu, na mawingu hayo hayafanani hata siku moja. Halafu *Mezzo-tinto*, ambayo inayavunja mawingu kuwa punje punje, kama maharagwe yaliyomwagika sakafuni. Hapa ndipo mwanafunzi hulia na kufuta kila kitu. Usifute. Chukua *Flou radial*, chagua zoom, nguvu zote, rudia mara tatu. Zile punje zinanyooka na kuwa miale ya mwanga inayotoka katikati. Weka rangi unayotaka. Nakili kalke yako ili ziwe mbili. Ya chini izungushe kulia kwa filta ya *Tourbillon*, yaani kimbunga, ya juu izungushe kushoto, kisha ya juu iambie *Éclaircir*, yaani katika kila nukta ionekane ile iliyo angavu zaidi kati ya hizo mbili. Hapo unapata kimbunga cha mwanga ambacho mteja anakitazama mdomo wazi. Usizidishe mzunguko, utapata maji machafu yanayoingia kwenye tundu la sinki. Na baada ya kila filta hifadhi kazi yako, kwa sababu umeme wa Kolwezi haukuwahi kuaga unapoondoka.

Mtauliza watu walikipendea nini kimbunga. Mimi naamini hawakukipenda. Walipenda kutokuwa hapa. Huku tunakanyaga utajiri ambao dunia nzima inauhitaji kwenye simu zake, na hatuna mtu hata mmoja aliyetaka kupigwa picha nao. Wachimbaji vijana waliotoka kila pembe ya nchi walikuja na nguo mpya, viatu vyeupe, na ombi moja: "Mama, udongo isionekane hata kidogo." Mwalimu alitaka kimbunga cha zambarau. Mganga alitaka cha kijani. Mwanamke mmoja kutoka Musumba, aliyesafiri siku kadhaa kwa barabara mbovu kuja kwenye ndoa ya mdogo wake, aliniambia nimweke popote ila barabarani.

Na kwa kuwa taa za studio zilitegemea huo umeme usioaga, tuliwafuata watu nyumbani kwao. Tulipiga picha uani mchana, jua likiwa zuri, nyuma yao nyumba, nguo kwenye kamba, mbuzi, sufuria. Kisha kwenye mashine nilimkata mtu pembezoni mwa mwili wake, taratibu, nywele kwa nywele, nikamtenga na uani kwake, nikaweka kimbunga kati yake na nyumba yake. Nilikuwa hodari. Naweza kusema kwamba nimewahamisha watu wengi Kolwezi kabla kampuni yoyote haijafikiria kuwahamisha.

Makosa yalikuwepo pia. Kuna mchungaji mmoja alitaka miale itoke nyuma ya kichwa chake. Ile *Flou radial* ina kisanduku kidogo ambamo unasogeza kitovu cha miale. Nilisahau kukisogeza. Miale yote ikatoka tumboni kwa mchungaji, na tangazo likachapwa kubwa. Aliposimama mbele yake nilijificha nyuma ya printa. Mke wake ndiye aliyetuokoa. "Mi naona ni vizuri," akasema. "Nguvu yake yote inatokaka pale." Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya tumbo, na tangu siku hiyo hakukubali fondi nyingine.

Wagombea wawili wa kiti kimoja nao walinikuta siku ya uvivu. Wa kwanza alichukua kimbunga cha njano. Wa pili alipofika sikutengeneza kipya. Nilichukua kile kile, nikabadilisha rangi kuwa bluu, nikanywa chai. Mabango yao yakabandikwa bega kwa bega kwenye ukuta wa soko, na mistari ya kimbunga ikatoka kwenye bango la mmoja ikaingia kwenye bango la mwingine, wote wawili ndani ya upepo mmoja. Kufika adhuhuri soko zima lilishajua kwamba wamepatana kwa siri. Walikuja wote wawili studioni wakiwa wamevimba. Tata Kalala akawapa viti. "Batata," akasema, "tourbillon ni moja. Mweye njo muko babili." Waliondoka bila kuelewa, na mimi sikuelewa pia. Baada ya uchaguzi waliungana kweli, na mmoja akaniletea kuku.

Nacheka ninapoandika haya, lakini tangu mwanzo nakwepa kufika kwa Mama Ngoie. Sasa nifike.

Mama Ngoie alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwenyekiti wa wazazi wa shule ya Kamabwe, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mume wake alimjengea nyumba ya matofali ya udongo wa kichuguu, bati lililokandamizwa kwa mawe, na ule mlango wa bluu. Alipokufa mume, nyumba ndiyo ilibaki. Watoto wake wanne walikulia pale, na kila jambo jema lilipomfikia aliniita nije na kamera.

Wakati huo kulikuwa na kampuni moja ya shaba na kobalti, ambayo siitaji jina kwa sababu mwanangu bado anatafuta kazi huko. Kampuni hiyo ilikuwa na bwana mmoja, Monsieur Gaston, ambaye kazi yake ilikuwa kupendwa na watu kwa niaba ya kampuni. Siku moja aligawa madaftari Kamabwe. Nilipiga picha akimkabidhi Mama Ngoie rundo la madaftari, uani kwa Mama Ngoie, mbele ya mlango wa bluu. Nyuma, kwenye mteremko, zilionekana nyumba za majirani. Kesho yake alikuja studioni kuagiza bango.

"Mama, huku nyuma kunafanya kampuni ionekane mubaya," akasema. "Toa hii manyumba yote. Weka kintu ya verte, ya environnement. Izungukezunguke."

Nikazitoa. Asubuhi moja tu, na chai nilikunywa katikati. Nikaweka kimbunga cha kijani, rangi ya mazingira aliyoitaka, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na Mama Ngoie na Monsieur Gaston wakabaki wanaelea humo kama majani ndani ya supu. Bango lilitundikwa kwenye mzunguko wa barabara kuu. Lilikuwa la kijani kwa wiki mbili. Baada ya hapo vumbi lililiweka rangi ya Kolwezi.

Miaka ikapita. Tata Kalala akafariki, na nilimlilia kuliko nilivyomlilia mjomba wangu mwenyewe. Simu zikaja na fondi zake ndani. Macho yangu yakaanza kuona vimbunga bila msaada wa filta. Nikaacha kazi, nikapeleka diski zangu kwenye ghala la vipuri la kaka yangu, ndani ya bati la biskuti, nikaanza kulima mchicha.

Ndipo Mama Ngoie akaja kwangu asubuhi moja na albamu kwapani. Hakunisalimia. Aliiweka mapajani pangu, akasimama.

"Zaina," akasema, "ulipeleka wapi nyumba yangu?"

Shimo la kampuni lilikuwa limekua mpaka ukingoni mwa Kamabwe, na mtaa ulitakiwa kuhama. Serikali na kampuni waliunda tume, na tume iliweka tarehe. Nyumba iliyokuwepo kabla ya tarehe hiyo, mwenyewe atapewa nyumba nyingine huko watu wanakohamia. Iliyojengwa baada ya hapo ilihesabiwa nyumba ya juzi, na mwenyewe atapewa turubai na pole. Sikatai kwamba nyumba za juzi zilikuwepo. Habari ya tarehe ilipovuja, kuta zisizo na paa zilichipuka Kamabwe haraka kuliko mchicha wangu. Kwa hiyo tume haikumwamini mtu. Ilitaka karatasi ya kiwanja, au picha ya zamani inayoonyesha nyumba.

Karatasi ya Mama Ngoie ililiwa na mchwa, wale wale ambao mume wake aliwanyang'anya kichuguu. Akapeleka albamu. Ubatizo wa mtoto wa kwanza, ndoa ya wa pili, diploma ya wa tatu, Krismasi, Pasaka, picha kumi na mbili, zote zilipigwa uani kwake. Na katika zote kumi na mbili, nyuma yake kulikuwa na kimbunga. Zambarau, dhahabu, waridi. Monsieur Gaston, ambaye sasa alikuwa amenenepa na kuwa katibu wa tume, alifungua ukurasa mmoja mmoja.

"Alinisekea," Mama Ngoie akaniambia. "Aliniuliza, 'Mama, ulikuwa unaishi mu tourbillon?' Mbele ya batu bote. Kiisha akaniandika mu ba juzi. Mi, Zaina! Mi minazala batoto bane mu ile nyumba!"

Nilitazama picha zile. Ilikuwa kazi nzuri, hakuna nywele hata moja iliyokatwa vibaya. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani, na sikuwa na pa kuiweka.

"Mama Ngoie, nyumba haikufutwa," nikamwambia. "Iko kwenye kalke ya chini. Nitaifungua."

Nilisema hivyo kabla sijakumbuka.

Tulienda kwa kaka yangu, tukachomeka kompyuta kwenye betri ya lori, tukafungua bati la biskuti. Kwanza ilibidi tupambane na majina. Wanangu, yapeni mafaili yenu majina. Mimi niliyaita final, final mbili, final ya kweli, final ya Mungu. Ilituchukua siku tatu, Mama Ngoie amekaa juu ya tairi, ananiangalia kila ninapofungua, na kila mara anauliza, "Ni ile?"

Tulipata ubatizo. Nikatafuta kijicho. Kalke ilikuwa moja tu. Tukapata ndoa, moja tu. Krismasi, moja tu. Ndipo nilipokumbuka vizuri. Diski zilikuwa zinajaa, na katika programu ile kuna amri iitwayo *Aplatir*. Inayabana matabaka yote kuwa moja, na kilichofunikwa kinapotea. Tata Kalala alikuwa ameshaanza kuugua, hakuwa ananisimamia. Nilikaa wiki nzima nikibana mafaili ili nipate nafasi. Na sikuyabana yote. Ya wakubwa niliyaacha na kalke zake zote, kwa sababu wakubwa hurudi, ongeza taji, punguza tumbo. Nilibana ya wadogo. Nilijua watu kama Mama Ngoie hawarudi kulalamika.

Nilimweleza. Sikuficha kitu, hata lile la wadogo.

"Basi," akasema Mama Ngoie juu ya tairi lake, "mi niko mudogo. Lakini shi siku moja nilipigwa photo na mukubwa?"

Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikaacha katikati. Faili la kampuni liliitwa final ya Monsieur. Lilifunguka polepole, kile kijani kikaenea kioo kizima, na pembeni kalke tisa zilizopangwa vizuri, kila moja na kijicho chake. Nikafunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijani kikapauka, kikaondoka. Kisha ua wote ukarudi kwa mara moja: sufuria, kamba ya nguo, bati lenye mawe, na mlango wa bahari ya Tata Kalala. Mama Ngoie alisogea akagusa kioo kwa kidole. "Njo ile," akasema. Nilisikia kaka yangu nyuma yetu anapenga kamasi.

Tume ilikaa shuleni Kamabwe, meza tatu chini ya turubai, foleni ndefu. Mwenyekiti wake alikuwa mzee mmoja mtulivu aliyetumwa na serikali, wote walimwita Tata Président. Nilimpa picha niliyoichapa. Monsieur Gaston akaichukua kabla yake, akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni montage, photo ya kubandika," akasema. "Batu bote banamujua huyu mama. Kazi yake yote ilikuwa bongo."

Kuitwa mtu wa uongo kuliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nimetumia maisha yangu kuwafanya watu waamini ambacho hakipo, na siku niliyoleta kilichopo nilikuwa mtu wa mwisho wa kuaminiwa. Nikafungua kompyuta, nikaweka bango lenyewe, la kijani, Monsieur Gaston anatabasamu.

"Tata, huyu ni nani?" nikamuuliza yeye mwenyewe.

"Ni mi."

"Na hii bango ni ya nani?"

"Ya kampuni. Kila mutu anaijua."

"Mulionyesha batu kintu ya kweli, ao ni bongo?"

Aliangalia foleni. Aliangalia wenzake wa kampuni waliokaa meza ya pili. "Ya kweli," akasema. "Kampuni haifanyake bongo."

Nikafunga kijicho. Kijani kikaondoka, na Monsieur Gaston akabaki pale pale na tabasamu lile lile na madaftari yale yale, na juu ya bega lake mlango wa bluu. Foleni ililipuka. Watu walisukumana kuona. "Funga tena!" wakapiga kelele. "Fungua! Funga!" Nilifunga na kufungua mara nyingi kuliko haja, nakiri.

Tata Président hakucheka. Aliuliza kipi kilitangulia: "Hii bango mulitundika mbele ya tarehe yetu, ao kiisha?"

"Mbele," akasema Monsieur Gaston kwa sauti ndogo. "Mbele sana."

"Na hii nyumba iko wapi?"

Mama Ngoie akanyoosha mkono. Kutoka shuleni mlango ulionekana, umepauka lakini bluu. Tata Président akavua miwani, akaivaa, akatazama kioo, akatazama mteremko.

"Andika," akasema. "Na hizi sita za nyuma, andika."

Watu saba walipata nyumba kwa sababu siku ya madaftari walikuwa nyuma ya mtu mkubwa. Nyumba ya nane ilikuwa ya mwalimu wa shule, pale pale kulia. Kwenye picha kulionekana kipande cha ukuta wake tu, upana wa kidole, kwa kuwa nilikata pembeni ya picha ili Monsieur Gaston akae katikati. Tume ilisema kipande cha ukuta si nyumba. Mwalimu alinishukuru kwa kujaribu, akaenda na turubai lake na watoto watano. Hilo silicheki, na ninyi msilicheke. Picha ya asili msiikate, wekeni hata kingo zake.

Nilipokuwa nafungasha kompyuta, Monsieur Gaston alinifuata nyuma ya darasa.

"Mama Zaina," akaninong'oneza, "unaweza kuacha nyumba, kiisha unitoe mi?"

"Naweza, Tata," nikamwambia. "Lakini nitakuacha mu kalke ya chini."

Siku ya kuhama Mama Ngoie aliniita na kamera, kama zamani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, ameketi kwenye kiti mbele ya mlango, na vitu vyake vyote vimepangwa uani vikingoja lori la kaka yangu. Sikuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Bati, mawe, bluu iliyopauka, yeye katikati. Nilimwonyesha, na nilikuwa nimeshaamua kwamba hii itabaki hivyo hivyo, bila filta hata moja.

Aliitazama, akanirudishia kamera.

"Toa ile bati ya kutu," akasema. "Weka ile tourbillon ya violet. Sitaki bajukuu bangu baone nilikaa vile."

Nilitaka kumbishia. Nilitaka kumkumbusha tairi, na foleni, na yale tuliyopitia. Lakini ni uso wake na nyumba yake, na mimi ni mtu wa fondi. Nilikaa siku mbili nikamtengenezea cha zambarau, kwa *Nuages* mpya, sikurudia cha mtu. Kimetundikwa sebuleni kwenye nyumba yake mpya, na wajukuu wanaamini bibi yao alizaliwa kwenye mwanga.

Kamabwe sasa ni ukingo wa shimo, na mlango sijui uliishia wapi. Yule mwenye kidole gumba aje kwangu, nitampa bati la biskuti, maana macho yangu yamekwisha. Humo kuna faili moja la siku ile ya kuhama, lisilobanwa wala kukatwa. Haliitwi final. Linaitwa Nyumba ya Mama Ngoie, na siku wajukuu watakapokuja kuuliza, afunge vijicho vyote ila kile cha chini kabisa.